Baraka Yuko kwa Mama Mapenzi

Jumanne, 6 Agosti

Nimesuka tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi. Mwezi wa harusi. Kila bibi harusi anakuja na mashangazi wote, na kila shangazi anataka apendeze kumpita bibi harusi. Aline, mwenzangu wa saluni, ameosha meshi, nywele za kuunganishia, na kuzianika nje. Vumbi la barabara likazichafua palepale. Umeme hakuna.

Neema ameshinda chini ya viti akiokota nywele. Anasema anamtengenezea mdogo wake nywele, maana Baraka bado ana kipara. Baraka ameota jino, ameniuma akinyonya. Nimemkemea, akacheka.

Paluku hajapiga simu. Lori lake limekwama Bunagana, mpakani, na njia ya Rutshuru imefungwa tena kwa sababu ya vita. Mume wangu yuko upande ule, sisi upande huu, Goma. Nimechoka kulala na watoto peke yangu.

Ijumaa, 9 Agosti

Neema ana homa. Malaria tu. Nimempa dawa, nimemlaza saluni kwenye kona juu ya vitenge, nimeendelea na kazi. Mteja amelalamika kwamba mtoto analia sana. Nimemvuta nywele kwa makusudi.

Jumapili, 11 Agosti

Sikuenda misa. Homa haijashuka. Asubuhi nimeona vipele usoni, halafu mdomoni, halafu kwenye viganja. Si surua. Surua naijua. Hivi ni vigumu, kama punje za mahindi zimefichwa chini ya ngozi.

Mama Mapenzi amekuja kuomba makaa. Ni jirani wa mlango wa pili hapa parseli, kwenye ua wetu wa wapangaji, mjane kutoka Walikale. Anauza sokoni nyama ya pori iliyokaushwa kwa moshi. Hatujawahi kuwa marafiki. Harufu ya nyama yake inaingia kwenye nguo zangu, na sijawahi kuficha kwamba inanikera. Alishika kiganja cha Neema, akakitazama sana.

"Mama Neema, peleka mutoto hospitali. Leo. Usingoje kesho."

Nimemjibu vibaya. Nimemwambia asiniletee mikosi nyumbani. Ameondoka bila makaa.

Sikumpeleka. Ninalijua jina la ugonjwa huu. Redio inalitaja kila siku. Naogopa kulitamka.

Jumatatu, 12 Agosti

Mpox, ndui ya nyani. Muuguzi aliliambia pazia, si mimi. Hakunitazama.

Tuko kwenye hema la hospitali, tumetengwa. Mahema meupe juu ya mawe meusi ya volkeno, wavu wa rangi ya chungwa umezunguka kote, ndoo za klori kila mlango. Muuguzi anaitwa Solange. Alimkagua Neema, halafu akashika mkono wangu. Vipele viwili karibu na saa. Nilidhani ni joto. Nimekuwa na homa tangu jana na nilijidanganya kwamba ni uchovu.

Alimvua Baraka nguo zote, akamgeuza mbele na nyuma. Hana kitu.

"Huyu hawezi kubaki," akasema. "Nani atamuchukua?"

Nani. Mama yangu alishakufa. Mama mkwe yuko Butembo. Paluku yuko ng'ambo ya vita. Nimempigia Aline. Alilia, akasema ana mtoto mchanga, nimuelewe. Ninamuelewa. Namchukia pia. Nimempigia mke wa mwenye parseli. Nilipotamka neno hema, alikata simu. Nimempigia katekista wetu, akaniahidi sala.

Mtoto alikuwa ananyonya wakati napiga simu zote hizo. Solange alisema niache. Sikuacha.

Mchana Mama Mapenzi akafika kwa pikipiki. Sikumwita. Alisikia parseli nzima ikinong'ona, akaja. Alisimama nje ya wavu, akakunja mkono wa blauzi. Makovu. Mengi, ya duara, ya zamani, kuanzia kiwiko hadi begani. Miaka yote hii nilifikiri ni mafuta ya moto.

"Niliugua hii nikiwa mutoto. Leta Baraka. Mimi siogopi."

Daktari akaja kuyatazama makovu. Akauliza maswali mengi, akaridhika. Aliyepona ana kinga, akasema, ingawa si ukuta wa chuma. Akampa maziwa ya kopo, akamweleza dalili za kuangalia na siku za kumleta mtoto.

Nimempa Baraka. Alikwenda bila kulia. Hilo ndilo limeniua.

Jumatano, 14 Agosti

Matiti yamejaa, yanauma kuliko vipele. Solange amenipa kikombe. Nakamua, anamwaga na kutia klori. Maziwa ya mwanangu yanamwagwa kwenye shimo pamoja na taka za hospitali.

Mama Mapenzi amemleta Baraka leo. Anasimama kwenye mawe upande wa pili, anamwinua juu ili nimuone. Tumbo, mgongo, nyayo. Anamgeuza kama anayechagua samaki. Safi.

Tumekaa, yeye kule, mimi huku, tukazungumza kwa kupaza sauti. Nimemuuliza aliugua vipi. Kwao Walikale, msituni, kaka zake walikuta kindi chini ya mti. Hakukimbia. Walifurahi, nyama imejileta. Yeye alimshika miguu, kaka mkubwa akamchuna. Baadaye homa, vipele, nyumba nzima. Kaka mkubwa akafa. Baba yao akaziba njia kwa matawi, na watu wa kijiji wakawa wanaacha chakula kwenye matawi hayo na kurudi. Hakuna mwingine aliyeugua.

"Ilikufia kwetu," alisema. "Haikuwa na barabara."

Jioni nilimwuliza daktari kama ni kweli. Ni mama mtu mzima, hana haraka, anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa anapojibu. Alisema ni kweli, zamani ilikuwa mara nyingi hivyo. Ugonjwa unatoka kwa mnyama, unaingia nyumba moja, unakosa pa kwenda. Mnyama gani hasa anautunza, hata wenye kazi hiyo hawana hakika. Wanashuku kindi na panya wa msituni. Nyani hupatwa tu kama sisi. Lakini huu wa sasa umejifunza kutembea kwa watu. Migodi, malori, pikipiki, kambi za waliokimbia vita. Hauhitaji tena kindi.

Nilitaka aniambie ni kosa la mtu fulani. Hakuniambia.

Alhamisi, 15 Agosti

Leo daktari ameuliza ni nani tuliyemgusa. Nimetaja wateja mpaka koo likakauka. Ndipo nikamkumbuka.

Msichana aliyekuja kabla ya mwezi huu kuanza, ametoka kwenye machimbo ya dhahabu Kivu Kusini, anakuja harusi ya dada yake. Alitaka misuko midogo. Kazi ya siku nzima. Kisogoni alikuwa na vipele, vingine vimepasuka. Aliniambia ni dawa ya nywele iliyomchoma. Nikapita juu yake na vidole vyangu. Neema alilala mapajani mwake mchana wote. Msichana alikuwa mpole, alimwimbia.

Basi ni sisi. Ni saluni. Si kindi, si nyama, si mtu wa parseli. Ni mikono yangu na mapaja ya mgeni mwenye upole.

Daktari akaandika. Akasema hata msichana yule huenda hakujua. Sitaki kusikia.

Jumamosi, 17 Agosti

Macho ya Neema yamezibwa na uvimbe. Hawezi kumeza. Vipele vimeshuka mpaka kooni. Anapumua kwa kelele. Anauliza kama ni usiku. Namwambia ndiyo, lala.

Aline amekuja kwenye wavu. Hakunitazama vizuri. Parseli wanasema Mama Mapenzi ndiye aliyetuletea ugonjwa, kwa nyama yake ya nyani. Kuna ujumbe unazunguka kwenye simu mtaani kwetu, Katoyi yote. Wameyaona makovu yake. Wanasema anaufuga.

Nimemwambia ukweli wote, msichana wa machimbo, kisogo, vipele. Nimemwambia, "Nenda uwaambie ni saluni. Waambie ni mimi."

Akatazama barabarani. Halafu: "Nikisema hivyo, dada, tutakula nini?"

"Aline, mtoto wangu yuko mikononi mwake."

Akasema sawa. Alisema sawa kama mtu anayetaka kuondoka. Najua hatasema.

Nimepiga simu kwa mwenye parseli, Papa Bahati. Hakupokea. Nimejaribu mpaka chaji ikaisha.

Jumapili, 18 Agosti

Wamemvamia. Baada ya misa. Watu waliotoka kupokea komunyo.

Solange ndiye aliyeniambia. Ana shemeji Katoyi. Vijana walitoa vikapu vya nyama nje wakavichoma moto. Wengine walirusha mawe mlangoni. Mama Mapenzi akatoka na Baraka mgongoni, kitenge kimemfunika kichwa, akapita katikati yao. Jiwe moja lilimpata. Solange hajui lilimpata wapi. Hajui lilimpata nani.

Hajulikani alikokwenda. Chumba chake walikitia moto pia, simu yake iliungua ndani pamoja na vitu vyote.

Sina mwanangu. Sijui aliko. Nimerudia kuandika hivi ili niamini.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimejaribu kutoka.

Asubuhi mlinzi alikwenda kuchota maji. Nikainua wavu. Nilikuwa tayari na mguu mmoja nje, kwenye mawe, peku. Nilijua njia: Katoyi, soko, halafu mlango kwa mlango mpaka nimpate. Nilijifunika kitenge mpaka machoni. Vidonda vya mikono vilikuwa vinatoa maji.

Ndipo Neema akaita. Hakuita mama. Aliita, "Nani yupo?" Haoni. Alisikia nyayo zinaondoka, hakujua ni zangu.

Na mbele yangu, kwenye njia, mwanamke alikuwa anapita na watoto, anawauzia watu ndizi. Ningepita katikati yao.

Nilisimama hapo. Mguu mmoja nje. Sikumwomba Mungu, nilimtukana.

Nimerudi ndani. Daktari alinikuta nimekaa kwenye mawe. Hakunifokea. Amesema watu wake wanaotembea mitaani watamtafuta Mama Mapenzi. Nimemwambia Goma ina watu wengi kuliko mawe. Akasema wataanza leo.

Nimechagua. Sijui kama nimechagua vizuri. Nimemchagua yule ninayemwona.

Jumatano, 21 Agosti

Neema amefariki. Alfajiri, nikiwa nimemshika.

Alhamisi, 22 Agosti

Hawakuniruhusu kumwosha. Nilimwomba Solange amsuke angalau mbele, nywele zilikuwa zimevurugika. Alisema hawezi, kisha akavaa glavu za pili, akafanya misuko minne. Imepinda. Hajui kusuka. Nitamkumbuka kwa hilo maisha yangu yote.

Watu wenye mavazi meupe wakambeba. Mfuko mdogo. Nilifika mpaka kwenye wavu. Gari likawaka mara ya tatu, betri mbovu. Nilifurahi lilipokataa kuwaka. Nilidhani labda watamrudisha.

Hakuna wimbo, hakuna matanga, hakuna mtu wa kwetu. Paluku hajui. Mtandao wa Bunagana umekatika.

Sili. Solange anasimama na sahani mpaka nile. Namchukia kidogo.

Ijumaa, 23 Agosti

Papa Bahati amekuja. Muzee wa parseli. Hakuja kunitazama. Alimleta binti yake mdogo, Sifa. Vipele usoni, viganjani. Alikuwa akicheza na Neema saluni.

Sifa na mama yake, naye ana vipele, wameingizwa hema la pili. Baadaye Papa Bahati alisimama mlangoni kwangu, kwa mbali, kofia mkononi. Nilimwambia yote. Msichana wa machimbo. Mikono yangu. Nilimwambia nilimpigia simu Jumamosi.

"Niliona simu," akasema.

"Mbona hukupokea?"

Aligeuzageuza kofia yake. "Nilifikiri unataka kunikopa."

Sikuwa na nguvu ya kumtukana. Nikamuuliza, ulikuwepo walipochoma? Alikuwepo. Hakurusha jiwe. Hakuzuia pia. Alimwona akishika njia ya Sake, anatembea haraka, mtoto analia. Analia! Basi alikuwa hai. Nimelishika neno hilo kwa mikono miwili.

Nimesikia Sifa akilia usiku kucha. Nilipaswa kumwonea huruma. Niliwaza tu kwamba yeye analia na Neema halii tena.

Jumamosi, 24 Agosti

Asubuhi nimekwenda hema la pili. Daktari ameruhusu, sote tuna ugonjwa uleule. Mama yake Sifa alisinzia. Nimemshika mtoto kichwa ili anywe uji. Alinywa nusu.

Habari za Baraka hakuna.

Jumatatu, 26 Agosti

Yuko hapa. Yuko hapa. Yuko hapa.

Nilikuwa nafua. Nikasikia sauti ya Mama Mapenzi inagombana na mlinzi. Nilikimbia mpaka nikaanguka kwenye mawe, goti limechubuka. Alikuwa upande wa pili wa wavu, bandeji chafu kichwani. Akafungua kitenge, akamwinua.

Amekonda. Ana mafua. Hana kipele hata kimoja. Daktari amemgeuza kila upande, hata katikati ya vidole. Hana.

Alikuwa kambini, upande wa Mugunga, kwa mwanamke wa kijiji chao aliyekimbia vita. Turubai moja, watu wengi. Yeye na Baraka walilala nje ya mlango, chini ya kipande cha plastiki. Alikataa kuingia naye ndani.

"Kama angekuwa nayo," akasema, "ingeingia kambi nzima. Mimi siwezi kufanya vile."

Mvua iliwanyeshea. Maziwa ya kopo yalikwisha, akawa anaomba uji. Alichelewa kuja kwa sababu alizunguka mbali kuikwepa Katoyi. Aliogopa wangemtambua. Mmoja wa watu wa daktari alimkuta njiani, akampakia kwenye pikipiki.

Kisha akauliza Neema anaendeleaje.

Nilishika wavu kwa mikono miwili. Akaelewa. Akakaa chini palepale kwenye mawe, Baraka mapajani, akalia kwa sauti, akiita jina la mwanangu kama desturi inavyotaka, jambo ambalo hakuna aliyelifanya mpaka leo. Mimi nikaitikia. Watu wa mahema yote wakatoka. Mama yake Sifa akajiunga, halafu wengine. Ndiyo matanga ya Neema. Yamefanyika na wavu katikati.

Alhamisi, 29 Agosti

Paluku amepiga. Ameazima simu ya upande wa Uganda. Alianza na kucheka, akasema amewanunulia watoto viatu. Akataja rangi.

Nimemwambia.

Nilisikia malori nyuma yake, na mtu anauza chapati. Halafu akauliza, "Alivaa nini?" Nikamwambia sijui, Paluku, mfuko, mfuko tu. Salio likaisha. Au alikata.

Jumatatu, 2 Septemba

Magamba yote yameanguka. Ngozi mpya ya waridi chini. Daktari ameniruhusu. Nguo zangu zimechomwa, nimetoka na za msaada. Sifa anapona. Jicho moja huenda lisione vizuri.

Nilipita Katoyi kuchukua vitu. Chumba cha Mama Mapenzi ni majivu na kufuli. Wanawake walikuwa bombani, wakaacha kuzungumza. Nilisimama katikati ya parseli, nikasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, kwamba ugonjwa ulitoka saluni kwangu, kwa mteja, na kwamba yule waliyempiga mawe ndiye aliyemwokoa mwanangu. Mmoja akasema, "Pole, Mama Neema." Mwingine akavuta mtoto wake asinisogelee.

Aline hakutoka ndani.

Papa Bahati alisema naweza kubaki. Nimekataa.

Jumapili, 15 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Tuko Ndosho, mtaa mwingine, chumba kimoja cha mbao, mimi, Mama Mapenzi na Baraka. Mama Mapenzi ameanza kuuza sambaza, dagaa wa ziwani, badala ya nyama. Anasema si kwa kuogopa ugonjwa, ni kwa kuogopa watu. Mimi sisuki. Watu wakiona mikono yangu wanakumbuka wana haraka.

Mtandao umerudi kidogo. Paluku anasema labda njia itafunguliwa. Anasema hivyo kila mara.

Maziwa yamekauka. Nilimweka Baraka titini wiki ya kwanza, akageuza uso. Alilia kila nilipomshika. Hajui uso huu wenye madoa. Nimejiambia ni kawaida. Nimelia kwa siri, chooni.

Mchana huu ameamka akilia. Nilisimama. Mama Mapenzi naye akasimama, mikono tayari mbele, kwa mazoea. Tukatazamana. Yeye akakaa. Akachukua dagaa wake, akaendelea kuwachambua, hakuinua macho.

Nikamchukua mimi. Alijikunja, akanyoosha mikono upande wa Mama Mapenzi, akapiga kelele. Nikatembea naye, mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi. Alilia muda mrefu. Halafu kidogo. Halafu akachoka, akaegemeza kichwa begani kwangu, akalala.

Sijamweka chini bado. Naandika kwa mkono mmoja.